Njia tatu za Monza: kisa cha Gianna Beretta Molla na hoja ya Kanisa kuhusu uhai

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 38, mjamzito, mwezi wa pili unaelekea mwisho. Nyumbani ameacha watoto watatu. Mkubwa hajatimiza miaka mitano, mdogo ana miwili. Kwenye mfuko wa uzazi ameota uvimbe, ule ambao hospitalini kwetu huitwa fibroidi, na mimba inakua papo hapo ulipo uvimbe. Ni Septemba 1961, hospitali ya San Gerardo, mji wa Monza, kaskazini mwa Italia. Mgonjwa hahitaji mtu wa kumfafanulia maneno ya madaktari, kwa sababu yeye mwenyewe ni daktari: alihitimu Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1949, akafungua zahanati Mesero mwaka 1950, akabobea katika magonjwa ya watoto mjini Milano mwaka 1952. Jina lake ni Gianna Beretta Molla.

Kisa chake husimuliwa sana parokiani, kwenye semina za ndoa na mafungo ya akina mama, na mara nyingi husimuliwa kombo. Wapo wanaosema alikuwa na saratani akakataa tiba. Hakuwa na saratani, na tiba hakuikataa, alipasuliwa. Wapo wanaosema Kanisa lilimtaka afe ili mtoto aishi. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana miaka kumi kabla ya siku ile Papa alikuwa ameshaeleza hadharani kwamba tiba ya kumwokoa mama inaweza kuwa halali hata kama mtoto atakufa kutokana nayo. Gianna alikuwa na mlango uliokuwa wazi, na hakuupita. Tukitaka kujua kwa nini Mkatoliki anapinga utoaji mimba, lazima tujue mlango upi ulikuwa wazi, upi ulifungwa, na ni nini kilichoitofautisha milango hiyo, kwa kuwa ukiitazama kwa haraka yote miwili inaishia pale pale: mtoto anakufa, mama anapona.

Njia zilizokuwapo

Upasuaji wa wakati ule uliweza kushika njia tatu.

Ya kwanza ni kuondoa mfuko wote wa uzazi pamoja na uvimbe wake. Kwa mpasuaji hii ndiyo iliyo safi zaidi: mishipa mikubwa ya damu inafungwa, kiungo kinatoka kizima, hakuna kovu linalobaki kubeba uzito wa mimba. Mama anapona, lakini mtoto aliyemo anakufa, na mama hatazaa tena.

Ya pili ni kuitoa mimba, kisha kuukata uvimbe na kuuacha mfuko wa uzazi mahali pake. Mama anapona na anaweza kuzaa baadaye. Watu wengi wangeiona hii kuwa ya busara kuliko zote, kwa sababu inabakiza uzazi.

Ya tatu ni kuukata uvimbe peke yake na kuiacha mimba iendelee. Hii ndiyo inayomtisha mpasuaji. Mfuko wa uzazi wa mjamzito umejaa damu. Mimba inapofika mwisho hupokea takriban mililita 500 hadi 700 kila dakika, na hata katika mwezi wa pili mishipa imeshaanza kutanuka. Ukikata pale, kuvuja damu ni jambo la kutazamiwa. Kugusagusa msuli wa kizazi kunaweza kuamsha uchungu na mimba ikatoka. Hata ukifanikiwa, unaacha mshono kwenye ukuta utakaovutwa kwa miezi saba mbele, na mshono huo unaweza kuachia mimba ikiwa kubwa au wakati wa uchungu. Kizazi kikipasuka, mama na mtoto wanaweza kupotea ndani ya dakika chache.

Gianna alichagua ya tatu. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji aliomba mtoto alindwe. Uvimbe ulitolewa, mimba ikabaki.

Kwa nini ya kwanza ilikuwa wazi na ya pili imefungwa

Novemba 1951, akizungumza na vyama vya familia vya Italia, Papa Pius XII aliligusa jambo hili bila kuzunguka. Alisema kamwe Kanisa halijafundisha kwamba uhai wa mtoto upewe kipaumbele juu ya uhai wa mama. Kuuliza “mama au mtoto?” ni kuuliza vibaya, kwa sababu si huyu wala yule anayeweza kuuawa kwa makusudi, linalodaiwa ni jitihada zote za kuwaokoa wote wawili. Kisha akaongeza kwamba alikuwa akitumia neno “moja kwa moja” kwa makusudi anapozungumzia kumuua asiye na hatia. Kama usalama wa mama, bila kujali kwamba ni mjamzito, unadai operesheni ya haraka, na kifo cha mtoto kikafuata kama matokeo ya pembeni yasiyotakwa ingawa hayaepukiki, tendo hilo haliwezi kuitwa kumshambulia mtoto. Ni halali kama tiba nyingine, mradi jambo linalookolewa lina uzito unaolingana na uhai na operesheni haiwezi kungoja mtoto azaliwe.

Wanamaadili huiita hoja hii kanuni ya matokeo mawili, na mizizi yake wanaiona kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, pale anapojadili mtu anayejilinda na mshambuliaji. Ina masharti manne, na kisa cha Monza kinayaonyesha vizuri kuliko mfano wa darasani.

Tendo lenyewe lisiwe baya. Kuondoa kiungo kinachohatarisha mwili si kubaya. Ni kazi ya kila siku ya mpasuaji. Pili, anayetenda akusudie jema tu. Tatu, na hapa ndipo wengi hupotea, jema lisipatikane kwa kupitia baya. Nne, pawe na sababu nzito inayolingana na hasara.

Weka njia ya kwanza mbele ya sharti la tatu. Ni kitu gani kinachomponya mama? Ni kuondoka kwa kizazi chenye ugonjwa. Kifo cha mtoto hakichangii chochote katika uponyaji huo. Kama mimba isingekuwepo, kisu kingepita pale pale. Sasa weka njia ya pili. Hatua ya kwanza ya operesheni ni kumwondoa mtoto ambaye hana ugonjwa wowote, ili kazi ya hatua ya pili iwe rahisi na uzazi ubaki. Kifo chake ndicho daraja la kuvukia. Baya linatendwa kwanza, jema linafuata kutoka ndani yake.

Kuna kipimo ambacho walimu wa maadili ya tiba hukitumia. Fikiria kwamba kwa namna yoyote ile mtoto angenusurika. Katika njia ya kwanza timu nzima ingefurahi, kwa maana hakuna aliyetaka afe na lengo limefikiwa. Katika njia ya pili wangesema kazi haijakamilika. Kipimo kingine ni kuiondoa mimba kichwani na kuuliza kama tiba ileile ingeandikwa kwenye faili. Kama ingeandikwa, unatibu ugonjwa. Kama isingekuwa na maana bila mimba, basi inayolengwa ni mimba.

Watu hulalamika kwamba huu ni mchezo wa maneno, kwa kuwa mtoto amekufa vyovyote iwavyo. Malalamiko hayo yanastahili jibu la uzito wake. Sheria za nchi zetu hazimhukumu sawa dereva aliyemgonga mtu akimkwepa mwingine na dereva aliyemlenga, ingawa maiti ni moja. Wala hatumwiti muuaji daktari ambaye mgonjwa wake wa moyo alifia mezani. Kinachoangaliwa ni mtu amefanya nini, yaani mikono yake imeelekezwa wapi na kwa shabaha gani. Ukiifuta tofauti hiyo kati ya kuua na kushindwa kuzuia kifo, hutaweza tena kumlinda mgonjwa yeyote ambaye kufa kwake kungemnufaisha mwingine.

Sharti la nne linahitaji uaminifu, maana wasimulizi wa kidini hulipita haraka. Mfano wa vitabuni ni kizazi chenye saratani. Uvimbe wa Gianna haukuwa saratani. Fibroidi nyingi hazihitaji kisu wakati wa mimba. Mama hupumzishwa, hupewa dawa za maumivu, hufuatiliwa. Kwa hiyo si kila uvimbe unaohalalisha kuondoa kizazi chenye mtoto ndani. Njia ya kwanza ilikuwa wazi kwa sababu madaktari wa wakati ule, kwa vifaa na ujuzi waliokuwa nao, waliiona hatari kwa uhai wake kuwa ya kweli. Leo hospitali yenye kipimo cha picha na damu ya kutosha inaweza kufikia uamuzi tofauti juu ya uvimbe uleule, na kanuni isibadilike hata nukta. Hukumu juu ya ukubwa wa hatari ni ya tabibu, wala haiko kwenye waraka wa Papa.

Kwa nini wa wiki ya nane ahesabiwe

Hoja yote hapo juu inasimama juu ya jambo moja: kwamba aliyekuwa tumboni ni mtu wa kuhesabiwa, si sehemu ya mwili wa mama. Asiyekubali hilo ataiona njia ya pili kuwa sawa kabisa, na hatuwezi kumlaumu kwa kukosa mantiki.

Kwanza ni yale ambayo hayahitaji imani. Mbegu ya baba yenye kromosomu 23 inapoungana na yai la mama lenye 23, panatokea kiumbe chenye 46, si cha baba wala cha mama, kinachojikuza chenyewe kwa mpango wake kutoka hatua moja hadi nyingine. Takriban siku ya 22 baada ya mimba kutunga, moyo unaanza kupiga. Mwishoni mwa mwezi wa pili mikono na miguu imeshatokeza. Lakini Kanisa haliegemezi hoja yake kwenye mapigo ya moyo wala vidole, na wanaharakati wetu wanaoshika picha za vidole vidogo kama ushahidi mkuu wanaidhoofisha hoja. Kama thamani inaingia moyo ukianza kupiga, basi siku ya 21 hakuna kitu. Hoja ni kwamba hakuna hatua yoyote baada ya kutungwa ambapo kitu kimoja kinaondoka na kingine kinaingia. Ni yuleyule anayekua.

Linafuata lile la mashaka. Tamko la Kongregasio ya Mafundisho ya Imani la Novemba 18, 1974 linakubali kwamba wanafalsafa hawajakubaliana lini hasa roho inaingia. Mtakatifu Thoma mwenyewe, akifuata elimu ya viumbe ya Aristotle, alidhani roho ya kibinadamu huja baadaye, baada ya wiki kadhaa. Wapinzani hupenda kulitaja hili, na wana haki ya kulitaja. Lakini Thoma huyo huyo hakuruhusu utoaji mimba katika hatua yoyote, na tamko la 1974 linaeleza kwamba shaka haimpi mtu ruhusa. Mwindaji anayeona kichaka kinatikisika, asijue kama ni paa au ni mtoto wa jirani anayeokota kuni, hana haki ya kufyatua. Akifyatua, ameshakubali kuua mtu.

Halafu kuna mapokeo, nayo ni ya kale kuliko watu wanavyodhani. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inakataza kumuua mtoto kwa kutoa mimba na kumuua aliyezaliwa. Katekisimu inalirejea katika namba 2270 hadi 2275. Yohane Paulo II, katika waraka wa Injili ya Uhai wa Machi 25, 1995, namba 62, analitangaza kuwa fundisho lisilobadilika, na anasema linasimama juu ya sheria ya asili pamoja na Neno la Mungu. Dignitas Infinita, tamko la Vatikani la mwaka 2024 kuhusu hadhi ya binadamu, linaliweka pamoja na umaskini, vita na biashara ya binadamu, na mpangilio huo una maana yake. Hadhi ya mtu haipimwi kwa urefu wa mwili, uwezo wa kujitegemea, wala kama kuna anayemtaka. Ukiikubali kwa mkimbizi, unaidai kwa aliye tumboni. Ukiidai kwa aliye tumboni, huna ruhusa ya kumnyima mama yake chakula na kliniki.

Je, aliwadhulumu watoto watatu?

Hili ndilo swali wanaloliuliza akina mama, na ni swali zito kuliko yote yaliyotangulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Gianna alikuwa mzazi wa watatu waliomhitaji hai.

Ukisoma kisa kama hesabu, kwamba aliuza watoto watatu na mume kwa kiinitete kimoja, hutaweza kumtetea. Lakini hakuwa na hesabu hiyo mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa na kifo cha hakika cha mmoja. Njia ya tatu ilikuwa na hatari kwa wawili na tumaini la kuwaokoa wote. Hakuchagua kufa, alichagua hatari, na hatari ile ya Septemba ilipita salama. Mshono ulishika. Aliendelea na kazi na nyumba yake miezi saba na nusu. Kama angejifungua salama Aprili, leo angesimuliwa kama mama aliyepasuliwa akiwa mjamzito akapona, na tusingekuwa na mtakatifu wa kumzungumzia kwa sababu hii.

Siku zilipokaribia alimwambia mumewe, mhandisi Pietro Molla, kwamba ikibidi kuamua kati yake na mtoto, wasisite, wamchague mtoto. Sentensi hii hunukuliwa sana na huharibika ikinukuliwa peke yake. Haimaanishi kwamba mume au daktari angekuwa na ruhusa ya kumuua mama ili mtoto aishi. Kanisa linakataza hilo kwa nguvu ileile. Inamaanisha kwamba yeye, kwa upande wake, anaiachilia ile haki ya kutibiwa kwa njia ambayo ingempoteza mtoto. Mtu anaweza kuachilia haki yake mwenyewe. Hakuna mwingine anayeweza kuiachilia kwa niaba yake, awe mume, mama mkwe au paroko. Mama mwingine katika hali ileile, akichagua njia ya kwanza kwa moyo safi, hana dhambi wala hana upungufu wa kuhesabiwa. Wahubiri wanaomtumia Gianna kuwashinikiza wanawake wagonjwa wanageuza ushujaa kuwa sheria, na hapo wanafundisha kitu ambacho Kanisa halijafundisha.

Aliingia San Gerardo Ijumaa Kuu, Aprili 20, 1962. Jumamosi Kuu mtoto wa kike alizaliwa kwa upasuaji, mzima. Baadaye mama akashikwa na homa na maumivu makali: maambukizi yalikuwa yameenea kwenye utando wa ndani ya tumbo. Alirudishwa nyumbani Ponte Nuovo di Magenta, na huko akafariki asubuhi ya Aprili 28, akiwa na miaka 39. Muuaji wake alikuwa ugonjwa ambao hata leo unawapeleka kaburini mama zetu waliojifungua kwa upasuaji, pale ambapo vifaa havikuchemshwa vya kutosha, dawa ya kuua vijidudu imechelewa, au homa ya siku ya tatu imepuuzwa kwa kuitwa homa ya maziwa.

Alitangazwa mwenyeheri Aprili 24, 1994, siku moja na Isidori Bakanja, yule kijana wa Kongo aliyepigwa hadi akafa kwa sababu ya kuvaa skapulari, kitambaa kidogo cha ibada kinachovaliwa shingoni. Na mtakatifu Mei 16, 2004. Mumewe alikuwepo, na binti yule, ambaye alikuwa ameshakuwa daktari, alikuwepo pia.

Pale kanuni inapobana

Haitoshi kuonyesha kanuni ikifanya kazi mahali inapopendeza. Novemba 2009, katika hospitali ya Kikatoliki ya St. Joseph's mjini Phoenix, Marekani, alilazwa mama wa watoto wanne, miaka 27, mimba ya wiki 11, mwenye shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Moyo ulikuwa unazidiwa. Madaktari waliona kwamba mimba ikiendelea atakufa karibu kwa hakika, na mtoto pamoja naye. Kamati ya maadili ya hospitali iliruhusu mimba itolewe. Mama akapona. Askofu wa Phoenix, Thomas Olmsted, akasema ule ulikuwa utoaji mimba wa moja kwa moja, na Desemba 2010 akaiondolea hospitali jina la Kikatoliki.

Hospitali ilijitetea kwamba kiungo kilichokuwa kinaleta madhara ni kondo la nyuma, na kwamba waliondoa chanzo cha ugonjwa kama mtu anavyoondoa kizazi chenye saratani. Juni 2010 kamati ya mafundisho ya maaskofu wa Marekani ilikuwa imeshalipima jambo hili kwa mifano miwili: mama ambaye kiungo chake kinaelemewa na mzigo wa mimba, na mama mwenye saratani ya kizazi. Katika mfano wa kwanza, walisema, operesheni haiugusi ugonjwa. Moyo na mapafu vinabaki vilivyo, na nafuu inatoka katika kifo cha mtoto. Ni njia ya pili ya Monza katika sura ngumu kupita kiasi.

Tunakubaliana na maaskofu, na hatusemi hivyo kwa wepesi. Hapa si mama dhidi ya mtoto. Bila kuingilia, wangekufa wote wawili. Wanateolojia waaminifu wameitetea hospitali, wakiuliza kama kweli unaweza kusema umekusudia kifo cha mtu ambaye huwezi kumwokoa kwa vyovyote. Jibu la mapokeo ni kwamba anayekaribia kufa hapotezi haki ya kutouawa. Ni jibu lilelile linalomlinda mgonjwa mahututi ambaye figo zake zingeokoa watu wawili. Lakini anayelitamka kando ya kitanda bila kutetemeka hajaelewa analolitamka, na ana wajibu wa kuwa ameshafanya kila lililobaki: oksijeni, dawa za kulegeza mishipa, rufaa ya mapema, daktari wa moyo tangu kliniki ya kwanza.

Kwenye wodi zetu

Visa vya Monza na Phoenix ni adimu. Vinavyoingia usiku kwenye hospitali zetu za misheni ni vingine, na hapa wahudumu hukosea pande zote mbili: wengine huogopa kutibu wakidhani wanatoa mimba, wengine huita kila kitu tiba.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi karibu kila mara iko kwenye mrija. Mrija ukishapasuka na damu kujaa tumboni, hakuna mjadala wa maadili wa kumsubirisha mgonjwa: fungua tumbo, zuia damu, ondoa mrija. Kabla haujapasuka, kuondoa sehemu ya mrija yenye ugonjwa ni sawa na njia ya kwanza ya Monza, na wanamaadili wengi wa Kikatoliki wanaikubali. Kuupasua mrija na kutoa kiinitete peke yake, au kutumia methotrexate, dawa inayosimamisha ukuaji wa kiinitete, bado ni mabishano kati yao, na Roma haijatoa hukumu mahususi.

Chupa imepasuka wiki ya 17, kisha homa, tumbo linauma likiguswa, maji yananuka. Kizazi chenyewe kimeoza kwa maambukizi, na kukisafisha ni kutibu ugonjwa wa mama; mwongozo wa 47 wa maadili ya hospitali za Kikatoliki nchini Marekani unaruhusu tiba ya namna hiyo isipoweza kungoja, hata kama mtoto atakufa. Kungoja mapigo ya moyo ya mtoto yasimame wakati mama anaingiwa na sumu ya damu si uaminifu kwa Kanisa. Ni uzembe. Kinachotakiwa ni kufanya utambuzi sawasawa: chupa iliyopasuka bila dalili ya maambukizi ni jambo la kufuatilia joto na mapigo kila saa chache na kutoa dawa, si la kukimbilia kutoa mimba. Kifafa cha mimba baada ya mtoto kuweza kuishi nje ni rahisi zaidi kimaadili: magnesiamu, kushusha presha, kumzalisha mapema.

Sheria ya nchi haimalizi kazi hii. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu kutoa mimba pale uhai au afya ya mama iko hatarini. Maaskofu waliipinga kwenye kura ya maoni wakihofia upana wa neno “afya”. Muuguzi Mkatoliki anaweza kuwa ndani ya sheria na bado akahitaji kujiuliza maswali ya Monza.

Aliyekwisha kutoa mimba

Kanuni ya 1397, aya ya 2, ya Sheria za Kanisa kama zilivyorekebishwa kuanzia Desemba 8, 2021, inasema anayetoa mimba, na mimba ikatoka, anatengwa na Kanisa papo hapo. Inawahusu pia washirika ambao bila wao tendo lisingefanyika, kwa hiyo mwanamume aliyetoa hela na kumsindikiza binti mlangoni asidhani yuko nje. Lakini kanuni za 1323 na 1324 hutajwa mara chache kuliko inavyostahili: aliye chini ya miaka 16 hapati adhabu yoyote; wa miaka 16 hadi 18, aliyetishwa vikali, au asiyejua bila kosa lake kwamba kuna adhabu, kutengwa kwa papo hapo hakumpati. Dhambi inabaki suala la dhamiri, ila adhabu haipo. Wasichana wengi waliofukuzwa nyumbani au kutishwa na mwanamume wako humo. Mama aliyeondolewa mrija au kizazi kwa ugonjwa hana cha kuungama hata kidogo.

Yohane Paulo II, katika namba 99 ya Injili ya Uhai, anawageukia wanawake waliotoa mimba na kuwaambia Kanisa linajua mambo mengi yaliyowasukuma, na kwamba wasikate tamaa. Zamani kuondolewa adhabu hii kulimhitaji askofu au padre aliyepewa ruhusa. Novemba 20, 2016, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuisamehe dhambi hii, bila kikomo cha muda. Aliyetoa mimba hahitaji barua, hahitaji safari ya jimboni. Foleni ya kitubio ya Jumamosi jioni, parokia yoyote, inamtosha.